Miaka Mitatu ya Yakut Buskila

Katika miaka ishirini na saba ya saluni yangu hapa Dimona, kusini mwa Israeli, nyuma ya duka la mikate la Elharar, nimehudumia wanawake wa kila aina, na wote wana ugonjwa mmoja: wanapunguza umri. Wengine hupunguza miwili mitatu kwa adabu. Wengine hupunguza kumi bila haya, mpaka mama na bintiye wanabaki wanapishana kama ndugu wa kufuatana ziwa. Mimi simuulizi mtu. Nachanganya rangi, napaka, nanyamaza. Mwanamke aliyetaka kuongezewa miaka nimemwona mmoja tu, naye ni Yakut Buskila.

Yakut alikuwa msaidizi katika chekechea ya mtaa wetu. Mwalimu wa chekechea ana shahada. Msaidizi ana kitambaa. Watoto thelathini na watano, na kila mmoja ana pua, ana makalio, na ana mama anayepiga simu kila baada ya nusu saa. Yakut mwenyewe ni mfupi, mpana, ana sauti ya kusimamisha lori. Baada ya miaka thelathini ya kuinamia viti vyenye kimo cha ndoo, magoti yake yalikuwa yakilia kila akiinuka, hata mbwa wangu alikuwa akigeuka kuangalia nani amefungua mlango.

Kwa makaratasi ya serikali alizaliwa tarehe moja Januari mwaka wa sitini. Kwa ukweli wa Mungu alizaliwa hamsini na saba. Hilo tulilijua watu watatu tu: yeye, mama yake mdogo Heftsiba, na mimi, maana siku moja, rangi ikiwa kichwani na joto la mashine limempanda, alinitobolea siri yote.

Walifika kwa meli kutoka Morocco mwaka sitini na tatu. Njiani akina mama wakavumishiana kwamba bandarini Haifa watoto wa miaka sita wanatengwa na wazazi wao na kupelekwa shule za bweni za mbali. Nani aliuanzisha uvumi huo hakuna ajuaye. Melini wanawake mia mbili hawana jiko wala sufuria, ungetaka wafanye nini? Basi walipofika mbele ya meza ya karani, mama yake akasema, "Huyu ana mitatu." Yakut alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, na juu ya hayo mama yake alikuwa amembana ndani ya gauni la mdogo wake. Karani alikuwa na njaa, akaandika mitatu. Tarehe ya kuzaliwa? Mama hakuijua kwa kalenda ya karani, kwa hiyo karani akaandika ile aliyowapa wote waliomtangulia, tarehe moja Januari. Ukisoma vitambulisho vya wazee wa Dimona utadhani wanawake wa Morocco walikuwa wakikubaliana kuzaa siku moja, kisha wanapumzika mwaka mzima.

Hivyo msichana wa miaka sita akapelekwa chekechea kukaa na watoto wa mitatu. Alikuwa peke yake pale aliyejua kukanda unga, kubeba mwenzake mgongoni na kuwapangusa wengine makamasi. Ukitaka kusema kweli, kazi aliianza siku hiyo. Darasa la kwanza aliingia akiwa na tisa, akawa wa kwanza katika kila somo, walimu wakasema mtoto huyu ana akili za ajabu. Sifa hiyo ilidumu mpaka darasa la nne, wenzake walipoanza kumfikia.

Mama yake alikuwa amemwapisha asiseme neno, kwa hofu kwamba serikali itakasirika na kuwarudisha. Lakini alipofika umri wa kuolewa, siri ikageuka mali. Prosper Buskila, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, alizaliwa hamsini na nane, na mama yake Prosper alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba hataki mkwe aliyemzidi mwanawe hata kwa wiki. Yakut hakubishana. Alitoa kitambulisho akakiweka mezani. Harusi ikafungwa, na kwa miaka arobaini Prosper, kila akinywa arak glasi mbili, humshika mkewe begani na kuwaambia watu, "Nimeoa mtoto mimi. Mwangalieni. Mtoto!"

Basi ndivyo walivyokuwa wakiishi hadi mwaka elfu mbili ishirini na moja, serikali mpya ilipoitoa kabatini hoja ya zamani: wanawake wanastaafu mapema mno. Sitini na mbili haitoshi, wapandishwe polepole mpaka wafike sitini na tano. Wa kwanza kubebeshwa ni waliozaliwa mwaka sitini, ambao wangeongezewa miezi minne, na kila mwaka unaofuata nyongeza inazidi kunenepa. Mimi ni wa sitini na nane. Nilihesabu nikakuta nitasimama na miguu hii, yenye mishipa kama ramani ya mito, mpaka nifike sitini na nne na nusu.

Saluni ikawa bunge. Afadhali hata lile bunge lenyewe, lina spika wa kunyamazisha watu. Prosper alikuwa akija kumsubiri mkewe, anakaa karibu na mlango na mfuko wake wa mbegu za alizeti. Kiwanda cha nguo kilifungwa zamani, sasa ni mlinzi wa mlangoni kwenye duka kubwa, anakagua mikoba.

"Miezi minne," alisema siku moja, akitema maganda mkononi. "Kelele zote hizi za miezi minne! Sisi wanaume tunakwenda mpaka sitini na saba na hamtusikii tukilia. Mlitaka usawa, si ndiyo? Haya, usawa umefika mlangoni, mkaribisheni ndani."

"Usawa?" Yakut alisema kutoka chini ya mashine ya kukaushia. "Umewahi kuosha sahani wewe? Sahani moja, Prosper. Nitajie tu rangi ya sahani za nyumbani kwako."

Prosper alifikiri. "Nyeupe."

"Za nyama au za maziwa?" Sisi Wayahudi hatuvichanganyi, kila kimoja kina sahani zake.

Prosper akarudi kwenye mbegu zake.

"Tena wanasema tunaishi miaka mingi kuliko wanaume," nikadakia mimi.

"Ndiyo, tunaishi," Yakut akasema. "Waume zetu wakishatangulia ndipo tunapata usingizi. Hiyo nayo wanaitaka."

Prosper alicheka, maana hana kinyongo. Kosa lake ni moja: alikuwa mjumbe wa tawi la chama hapa mjini, na chama chake kilikuwa serikalini. Kwa hiyo mwezi wa kumi, mbunge wao mmoja, Noga Yariv, aliposema atakuja Dimona kuwaelimisha wanawake, Prosper ndiye aliyepanga viti kwenye ukumbi wa jamii, ndiye aliyejaribu kipaza sauti, moja mbili moja mbili, na ndiye aliyekaa safu ya mbele na koti la harusi ya kijana wao wa mwisho, vifungo havifungiki.

Tulijaa. Mbunge alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vyeupe pe, na alikuwa mpole, lazima niseme. Alizungumza na sisi taratibu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Mabibi, mfuko wa pensheni una hali mbaya. Na mwanamke wa leo wa miaka sitini na mbili si mzee. Ni kijana! Mama yangu ana sitini na sita, anafundisha chuo kikuu, ukimtajia kustaafu anakufukuza."

"Mama yako anafundisha ameketi au ameinama?" Yakut aliuliza kutoka katikati ya ukumbi. Hakuhitaji kipaza sauti.

Watu wakacheka.

"Mama, kila kazi ina ugumu wake..."

"Muulize kwa siku moja anapangusa wanafunzi wangapi."

Hapo ukumbi ukalipuka. Mwanamke mmoja nyuma yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mbunge akatabasamu naye, akangoja tutulie, kisha akafanya kosa la watu wenye adabu: akasema, "Unaona jinsi ulivyo na nguvu? Samahani kwa kuuliza, una miaka mingapi?"

Kabla Yakut hajafungua mdomo, Prosper alikuwa ameshasimama na kipaza sauti mkononi, uso unameremeta. "Sitini na moja! Mke wangu huyo! Mwangalieni, mheshimiwa, utampa sitini na moja huyo? Nimeoa mtoto mimi!"

"Sitini na moja!" mbunge akapiga makofi. "Na nguvu zote hizi! Sasa mama yangu, miezi minne itakudhuru nini?"

Nilimwona Yakut shingo ikiwa nyekundu. Nikamvuta sketi, nikamwambia kaa. Hakukaa.

"Sitini na moja ya nani?" alifoka. "Mimi nina sitini na nne! Sitini na nne nimetimiza mwezi wa nane! Miaka miwili sasa ilikuwa niwe nyumbani nimenyoosha miguu, na bado naosha makalio ya wajukuu wa watu, halafu unakuja hapa na viatu vyako kuniomba miezi minne! Mimi nimeshawapa miaka, binti, bila kuombwa!"

Ndipo tukasikia sauti kutoka kwenye spika mbili kubwa za ukutani, sauti ya mtu anayehesabu. Prosper alikuwa amesahau kwamba bado ameshika kipaza sauti.

"Mimi ni wa hamsini na nane," spika zilisema. "Yeye... mwaka huu, kutoa sitini na nne... wa hamsini na saba." Akapumua, na spika zikapumua naye. "Yakut. Wewe ni mkubwa wangu?"

"Prosper!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Mwamkie basi!"

Sikumbuki mkutano uliishaje. Nakumbuka mbunge akitolewa kwa mlango wa pembeni, na Prosper bado amesimama pale, koti limemkaa vibaya, akitazama viti alivyovipanga mwenyewe.

Nyumbani hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Yakut kuliko kelele. Alihamisha mto wake akaupeleka sebuleni.

"Miaka arobaini umenidanganya," alimwambia.

"Nimekudanganya mimi au karani wa Haifa?"

"Karani sikumwoa!"

Yakut alinisimulia haya kesho yake, akilia na kucheka kwa pamoja, maana hilo la karani hata yeye aliona limempata. Alimweleza mumewe habari zote, za meli, za gauni la mdogo wake, za mama yake Prosper na masharti yake. Prosper alisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi alipoamka, akasimama mlangoni mwa jikoni amevaa sare yake ya ulinzi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Yakut akajibu bila kugeuka. "Chukua takataka hizo ukatupe."

Wiki nzima ilikuwa hivyo, shikamoo na marahaba, na mtu kulala sebuleni. Kule dukani nako hawakumpa nafasi. Kila mteja aliyefungua mkoba akaguliwe alikuwa na neno. Mzee mmoja alimshauri amletee mkewe kiti kila akiingia chumbani, ndivyo wakubwa wanavyoheshimiwa. Prosper, aliyekuwa mchekeshaji wa mlango ule, akawa anakagua mikoba kimya kimya, mpaka ya watoto wa shule.

Mwezi wa kumi na moja bunge likaipitisha sheria pamoja na bajeti, na Yakut akaamua kwenda mahakamani kurudishiwa umri wake. Mahakama inaweza kufanya hivyo ukileta ushahidi. Wakili mmoja kijana wa Beer Sheva, Asulin, ambaye Yakut alimpangusa makamasi miaka ishirini na mitano iliyopita, akasema ataishika kesi na hataki malipo ila sahani ya kuskusi kila akija.

Prosper alikataa katakata. "Ukumbini walisikia watu mia mbili, watasahau. Mahakamani itaandikwa, na muhuri. Mimi nitakuwa mdogo wa mke wangu kwa muhuri wa serikali!"

"Miezi minne ni yangu."

"Miezi minne, miezi minne! Kwa miezi minne unanivua nguo?"

"Wewe ndiye uliyesema miezi minne si kitu. Nipe basi ya kwako."

Walibaki hapo kama wiki kadhaa, hakuna anayesogea.

Kilichomsogeza Prosper kilitokea Januari, siku ya baridi na vumbi. Yakut alikuwa amekaa chini kumfunga mtoto kamba za viatu, na alipotaka kuinuka goti moja likagoma. Halikuuma sana, alisema, liligoma tu kama punda. Mwalimu alikuwa nje na nusu ya watoto. Wale waliobaki ndani walidhani ni mchezo, wakaja wote wakakaa sakafuni naye. Mwingine alimletea mto wa mwanasesere. Mwingine alimbandika plasta ya rangi kwenye goti, kisha akabandika ya pili kwenye pua, asije akakosea mahali. Mwalimu aliporudi akampigia simu Prosper, akaja mbio na sare yake.

Alimkuta mkewe chini ya meza ya kimo cha ndoo, plasta puani, watoto kumi na tano wamemzunguka wanaimba. Yakut aliniambia hakuona aibu siku ya mkutano kama alivyoona siku hiyo. Prosper hakucheka wala hakumwamkia. Alipiga magoti, akapitisha mikono chini ya kwapa zake, akamwinua, na katika kumwinua kiuno chake yeye nacho kikalia, wakasimama wote wawili wameshikana kama walevi, wakisubiri kuona nani atatangulia kuanguka.

"Kila siku unainuka hivi?" Prosper aliuliza.

"Kila siku. Mara arobaini, hamsini."

"Miaka yote hii?"

"Prosper, ulidhani nafanya nini huku? Ulidhani nachora?"

Walipofika chini ya ngazi za nyumba yao akasimama. "Huyo Asulin," alisema, "anataka mashahidi wangapi?"

Kesi ilisikilizwa mwezi wa tatu, Beer Sheva. Mimi nilikwenda kwa sababu shahidi mkuu, Mama Mdogo Heftsiba, alikataa kutoka kwenye nyumba ya wazee bila kusukwa na kupakwa poda. Nilimtengeneza tangu saa moja asubuhi. Alipoingia mahakamani na shali yake ya hariri na bangili zake zote, watu walisimama wakidhani ndiye jaji.

Jaji mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kwa mnyororo. Upande wa serikali alisimama kijana ambaye sidhani kama alikuwa ameshaanza kunyoa.

Asulin alimuuliza Heftsiba anakumbuka nini.

"Nakumbuka kila kitu, mimi ndiye niliyemshika dada yangu miguu. Alizaliwa mwaka ule sultani wetu alipobadili jina, akasema sasa aitwe mfalme. Wiki ileile. Baba yake alirudi kutoka sokoni na habari hiyo, akasema basi mtoto aitwe Malika, yaani malkia. Dada yangu, pale pale kitandani, akamwambia malika ni wa watu wenye ikulu, sisi tuna mbuzi wawili na mmoja ni mgonjwa. Wakamwita Yakut."

Jaji aliandika kitu. Wakili Asulin akatoa kitabu cha historia chenye ukurasa uliokunjwa: sultani wa Morocco alijiita mfalme Agosti hamsini na saba. Nilimwona Yakut akiutazama ukurasa ule kama mtu anayetazama picha yake ya utotoni.

Kijana wa serikali akasimama. "Bibi, wewe una miaka mingapi?"

"Sabini na tisa," Heftsiba akasema bila kupepesa jicho.

"Hapa kwenye kitambulisho chako imeandikwa themanini na tisa."

"Sasa kama umeshasoma, unaniuliza nini?"

"Mheshimiwa," kijana akamgeukia jaji, "shahidi anadanganya juu ya umri wake mwenyewe. Tutamwaminije juu ya umri wa mtu mwingine?"

"Mwanangu," Heftsiba akasema, na bangili zikalia, "umri wangu ni wangu, naufanya nitakavyo. Wa mwenzangu nina haki gani ya kuuchezea?"

Jaji alivaa miwani, akavua, akainamia makaratasi yake muda mrefu. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Kisha akaitwa Prosper. Alikuwa amevaa koti lile lile. Kijana wa serikali alimuuliza amejuaje umri wa mkewe.

"Kwa kipaza sauti," Prosper akasema. "Mimi ni mume, bwana, habari hunifikia mwisho."

"Kwa hiyo huna unachokijua mwenyewe?"

Prosper alimtazama Yakut. Akashika meza ya mashahidi kwa mikono miwili. "Ninachokijua ni hiki. Tulipooana, yeye ndiye aliyejua kila kitu. Kupika, kujaza fomu, kuzungumza na mama yangu. Nilikuwa najiuliza, mtoto huyu wa miaka ishirini na moja hekima hii kaitoa wapi? Sasa nimejua. Ni mkubwa wangu, mheshimiwa. Andika. Lakini uandike pia kwamba sijasema hivi kwa kupenda."

"Nitaandika," jaji akasema.

Tulitoka pale tukiwa washindi. Tulikula samaki sokoni, Heftsiba akanywa bia. Jaji alikuwa amesema atatoa uamuzi "hivi karibuni," na sisi, watu wa Dimona ambao tumeahidiwa reli, kiwanda na hospitali hivi karibuni, tulimwamini.

Mwezi wa nne ukaja, ukaisha. Yakut akaenda kazini kila siku, goti limefungwa bendeji. Ile miezi minne, moja baada ya nyingine, akaitumikia yote, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Tarehe moja mwezi wa tano, kwa sheria ileile aliyoipinga ukumbini, akawa na umri wa kutosha kwa makaratasi yaleyale ya uongo, akastaafu. Watoto walimchorea picha, ambamo yeye ni duara kubwa lenye miguu minne. Mwalimu alilia. Yakut akaja nyumbani akavua viatu.

Uamuzi ulifika wiki ya tatu ya mwezi wa sita. Aliuleta saluni bado umo ndani ya bahasha, kwa kuwa alitaka nimsomee mimi. Nilikuwa na mteja kichwani povu, nikamwacha. Nikasoma kwa sauti: mahakama imeridhika pasipo shaka kwamba mwombaji alizaliwa mwezi Agosti mwaka elfu moja mia tisa hamsini na saba.

"Umeshinda!" nikasema.

"Nimeshinda nini?" Yakut akauliza. "Nimeshastaafu."

Tukatazamana. Yule mteja wa povu ndiye aliyeanza, kisha mimi, kisha Yakut, tukacheka mpaka Elharar wa mikate akaja kuuliza kama kuna mtu amefariki.

"Kwa hiyo," Yakut alisema alipoweza kusema, "nilikwenda mahakamani nikazeeka miaka mitatu, nikamvua mume wangu nguo mbele ya mji, nikamlisha Asulin kuskusi majira mawili, na kazi nimefanya mpaka siku ya mwisho kama wenzangu. Serikali hii, hata ukiishinda, inakuwa imeshatoka uwanjani inakwenda kuoga."

Asulin alisema kuna ile miaka miwili na zaidi aliyofanya kazi bure bure baada ya umri wake wa kweli, kuna ofisi nyingine, kuna fomu nyingine. Yakut alimwambia aijaze yeye, hamu ya kuskusi ikimrudia.

Lakini habari zilienea. Mwezi ule wanawake waliozaliwa sitini, sitini na moja, sitini na mbili, walianza kuwatembelea mama zao na shangazi zao kwenye nyumba za wazee, na maua, na maswali. Nani alisema nini mbele ya karani? Gauni lilikuwa la nani? Wazee waliokaa miezi bila mgeni sasa walikuwa na foleni mlangoni, na wajanja kati yao waligundua kwamba kumbukumbu inarudi vizuri zaidi ukiletewa keki. Nami nilimuuliza mama yangu, kwa unyenyekevu wote, kama ana hakika na sitini na nane.

"Nina hakika gani tena?" alisema. "Ulizaliwa hospitalini, daktari akaandika mpaka dakika."

Wazazi wengine hawamfikirii mtoto kabisa.

Agosti walimfanyia Yakut sherehe ya kuzaliwa, ya kwanza katika mwezi wake mwenyewe. Tulikaa barazani kwao, feni inapuliza joto kutoka upande huu kwenda upande ule, meza imejaa. Heftsiba alikaa kwenye kiti kikubwa akitoa amri. Alipoulizwa Yakut anatimiza ngapi, akasema sitini na tano bila kumumunya, kwa sauti ile ya kusimamisha lori, na majirani wa ghorofa ya chini wakapiga makofi. Sikuwahi kusikia mwanamke akitaja namba hiyo namna ile, kama anataja idadi ya mashamba yake. Prosper alimwaga arak, glasi moja, glasi mbili. Tukasubiri. Alimshika mkewe begani, akafungua mdomo, akaufunga, akafikiri.

"Nimeoa," alisema hatimaye. Akaketi.

Yeye bado ana miaka mitatu mlangoni pale, akikagua mikoba. Juzi nilipita kununua shampuu nikamkuta amesimama kivulini, simu sikioni, uso umenuna. Alipoikata nikamuuliza kuna nini.

"Ni Yakut. Kila siku saa tatu asubuhi ananipigia. Ananiuliza, unafanya nini? Namwambia, niko kazini, nitafanya nini. Ananiambia, mimi ndiyo kwanza naamka. Basi, anakata simu. Kila siku, Perla! Hilo tu ndilo analonipigia!"

"Nawe leo umemwambia nini?"

"Nimwambie nini?" Prosper akanyoosha mkono kuuchukua mkoba wangu. "Nimemwambia alale tena kidogo. Haya, fungua nione una nini humu."